Kompaila Yako Ilijengwa na Nani?

Leo nina swali kwa kila anayeandika programu za kompyuta, na pia kwa yule asiyeandika hata mstari mmoja lakini anatuma pesa kwa simu, anapokea mshahara benki, na anautegea sikio utabiri wa mvua kabla ya kupanda mahindi. Swali lenyewe ni hili: kompaila iliyotengeneza programu hizo ilijengwa na nani, na kwa kutumia kompaila ipi?

Kwa asiyeijua kompaila, nieleze kidogo. Programu huandikwa kwa lugha ambazo binadamu akijifunza anaweza kuzisoma: C, C++, Fortran na nyinginezo. Maandishi hayo ndiyo tunayoyaita msimbo chanzo. Prosesa ya kompyuta haiyaelewi kabisa. Yenyewe inajua namba tu. Kompaila husoma msimbo chanzo na kutoa namba hizo, yaani lugha ya mashine. Kwa hiyo kila programu iliyoandikwa kwa C imepita mikononi mwa kompaila, na kompaila ikitaka kuongeza jambo lake ndani humo, inaweza. Kisha kuna hili la pili: kompaila yenyewe ni programu. Nayo iliandikwa na mtu, ikapitishwa kwenye kompaila nyingine iliyoitangulia.

Msimamo wangu nautoa mapema ili ujue ninakokwenda. Nasema kompaila huria, ile ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuusoma msimbo wake, inafaa ijengwe na watu wetu, kwenye mashine zetu, kutoka kwenye msimbo chanzo wake. Haijengwi ili programu ziende kasi zaidi, wala ili mtu ajigambe mbele ya wenzake. Inajengwa kwa sababu ruhusa ya kuusoma msimbo haina maana kubwa ikiwa hakuna anayehakikisha kwamba programu inayoendeshwa kweli ilitokana na msimbo ule uliosomwa.

Tuchukue kompaila moja inayojulikana sana, GCC. Habari zake zinaanzia Marekani mwezi Septemba mwaka 1983, Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU, yaani mpango wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mfumo kama huo hauwezi kusimama bila kompaila. Stallman akaanza kwa kutafuta iliyokuwapo tayari. Aliandika Uholanzi, kwa mwandishi wa kompaila iliyokuwa na jina la Chuo Kikuu Huria cha Amsterdam, akiomba kuitumia. Akajibiwa kwa kejeli kwamba chuo ndicho kilichokuwa huria, si kompaila.

Akajaribu njia nyingine: kompaila iitwayo Pastel, kutoka maabara ya Lawrence Livermore. Hiyo aliipata pamoja na msimbo wake. Tatizo lake lilikuwa ulafi wa kumbukumbu. Ilisoma faili zima kwa mkupuo mmoja, ikahitaji megabaiti nyingi mahali ambapo mfumo wa Unix kwenye prosesa ya 68000 uliruhusu kilobaiti 64 tu. Ndipo alipokata shauri kuandika mpya. Toleo la kwanza la GCC likatoka mwezi Machi mwaka 1987. Miaka miwili baadaye ikaja leseni ya GPL, inayosema kwamba atakayekupa programu lazima akupe na msimbo wake. Mwaka 1997 kundi la waandishi wasioridhika na mwendo wa mradi walichukua msimbo uleule wakaanzisha tawi lao, EGCS, na hakuna aliyeweza kuwazuia kwa sababu leseni iliwaruhusu. Mwaka 1999 tawi hilo ndilo likawa GCC rasmi. Kwa hiyo hata GCC tunayoitumia leo imepatikana kwa sababu watu waliitumia haki yao ya kuuchukua msimbo na kuujenga wenyewe.

Najua yupo msikilizaji anayesema: mbona mimi naandika amri moja kwenye mfumo wa Ubuntu na GCC inaingia kabla chai haijapoa, kwa nini nijitese? Ni swali la haki. Kwa mahitaji ya kila siku, amri hiyo moja inatosha, na wanaotengeneza vifurushi, yaani programu zilizojengwa tayari, vya mifumo ya Debian, Fedora na kadhalika wanafanya kazi ya kuheshimika. Lakini zipo siku ambazo kifurushi hakitoshi. Seva ya chuo au ya ofisi huwa na mfumo wa miaka kumi iliyopita na kompaila ya umri huo huo, ambayo haizijui sheria mpya za C++. Mtu mwingine anahitaji kompaila inayokaa kwenye kompyuta ya kawaida lakini inatoa programu za kifaa kidogo chenye prosesa tofauti kabisa. Kuna pia WRF, programu ya kukokotoa hali ya hewa inayotumika katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya programu hiyo imeandikwa kwa Fortran, na GCC ndani yake ina kompaila ya Fortran. Anayetaka kuijenga WRF kwenye mashine yake anakutana na suala la kompaila hata kabla hajaligusa wingu la kwanza.

Sasa, kazi yenyewe ikoje? Redioni siwezi kukuonyesha skrini, kwa hiyo nitaipitia kwa maneno, tena kwa mpangilio wake.

Kwanza unapakua bunda la msimbo. Ni faili moja lililobanwa, la zaidi ya megabaiti 80, na jina lake mara nyingi huishia na herufi tar nukta xz. Herufi hizo mbili za mwisho, xz, zikumbuke. Tutazirudia baadaye kwa habari isiyopendeza. Pamoja na bunda huja faili dogo la sahihi. Kwa programu ya GPG unaweza kuhakiki kwamba bunda lilitiwa sahihi na mmoja wa wahusika wa mradi na kwamba halikuguswa njiani. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haileti matokeo yanayoonekana. Mimi naihesabu kuwa ndiyo hatua ya kwanza ya ujenzi, na anayeiruka asijisifu kwamba amejenga kutoka kwenye chanzo.

Pili, maktaba tatu: GMP, MPFR na MPC. Hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Wanaamuru kazi ianze, skrini inawaambia GCC inahitaji maktaba hizo, nao hawajui ni za nini. GMP hufanya hesabu za namba nzima kubwa kupita kiasi, MPFR huhesabu namba za desimali kwa ukadiriaji sahihi, na MPC huhesabu namba changamano. Kompaila inazihitaji kwa sababu hesabu nyingine huzimaliza yenyewe kabla programu haijaendeshwa. Ukiandika kwenye msimbo kwamba unataka saini, ile ya trigonometria, ya namba fulani isiyobadilika, kompaila huikokotoa papo hapo na kuliandika jibu. Jibu hilo halipaswi kubadilika kwa sababu tu mmoja amejenga kwenye mashine ya aina hii na mwingine kwenye aina ile. Ndani ya bunda, katika folda iitwayo contrib, kuna skripti inayozipakua zote tatu na kuziweka mahali pake. Ukiitumia hiyo umeokoa nusu ya malalamiko.

Tatu, unafungua folda mpya kabisa, nje ya folda ya msimbo, na ujenzi unaufanyia humo. Wenye GCC wenyewe wanasisitiza hivyo. Ukijengea ndani ya folda ya msimbo, faili zilizozalishwa huchanganyika na zilizoandikwa na watu, na ukiharibu huwezi kusafisha vizuri. Ukiwa katika folda hiyo mpya unaiendesha skripti iitwayo configure, ukiipa maelekezo yako. Matatu ni ya kuzingatia. La kwanza ni mahali pa kuiweka kompaila itakapokamilika: chagua folda yako mwenyewe, tena isiyogusana na ya mfumo, maana kompaila ya mfumo ina majukumu yake na ukiifuta utajuta. Faida nyingine ni kwamba huhitaji nywila ya msimamizi wa mashine. La pili ni lugha unazozitaka. Kama ni C na C++ tu, sema hivyo upunguze muda. La tatu ni kwa wenye mashine za biti 64 zisizo na maktaba za biti 32: izime ile sehemu iitwayo multilib, la sivyo kazi itasimama katikati kwa kukosa faili ambalo hukuwa na haja nalo.

Nne, unaandika make, halafu unasubiri. Kwenye laptopu ya kawaida ni saa kadhaa. Unaweza kuagiza kazi nyingi ziende kwa pamoja, lakini tazama kumbukumbu uliyo nayo. Kila kazi inataka fungu lake la RAM, na yakizidi, mfumo huiua mojawapo bila kueleza kwa nini. Wewe utaona neno moja tu kwamba imeuawa. Wengi hudhani bunda ni bovu, kumbe tatizo ni tamaa. Na kwa sisi tuliozoea umeme kukatika: usianze upya. Programu ya make hulinganisha nyakati za mafaili, ikaona lipi limekamilika na lipi bado, kisha ikaendelea na yaliyobaki. Kama umeme ulikatika wakati faili fulani linaandikwa, lifute hilo moja.

Tano, unasakinisha kwa make install, na unaijulisha terminali yako mahali kompaila mpya ilipo. Hapa kuna mtego wa mwisho. Programu uliyoitoa kwa kompaila mpya inapoanza kukimbia, huenda ikaichukua maktaba ya zamani ya C++ iliyo kwenye mfumo, ikagoma kwa kusema kwamba haioni toleo la GLIBCXX inalolitaka. Kompaila haina kosa. Unatakiwa uieleze programu kwamba maktaba yake mpya iko kwenye ile folda uliyoichagua.

Basi, msikilizaji, hatua hizo tano ndizo kazi ya mikono. Lakini nilisema saa kadhaa, na pengine umejiuliza saa zote hizo zinafanya nini. Jibu lake ndilo lililonifanya nichague mada hii.

GCC haijijengi mara moja. Kwa kawaida hujijenga mara tatu. Mara ya kwanza, kompaila uliyonayo tayari, hata kama ni kuukuu au ya kampuni nyingine, husoma msimbo mpya na kutoa kompaila ya kwanza. Hiyo imetokana na msimbo mpya, lakini namba zake ziliandikwa na ile kuukuu. Mara ya pili, kompaila hiyo ya kwanza inapewa msimbo uleule na kutoa kompaila ya pili. Mara ya tatu, ya pili inapewa msimbo uleule tena na kutoa ya tatu. Kisha ya pili na ya tatu zinalinganishwa faili kwa faili, baiti kwa baiti, ukiacha taarifa chache za ziada.

Kwa nini zinapaswa kufanana? Kwa sababu kompaila ya kwanza na ya pili, japo namba zake ni tofauti, zinatii msimbo mmoja. Zikipewa kazi moja, zinatakiwa zitoe jibu moja. Zikitofautiana, kuna mahali kompaila imeutafsiri vibaya msimbo wake yenyewe, na ujenzi husimamishwa papo hapo. Ni programu chache sana ambazo husakinishwa kwa kutahiniwa kiasi hicho. Ndiyo maana nasema kompaila iliyokamilisha safari yake ya mara tatu kwenye meza yako imekupa ushahidi ambao kifurushi cha kupakua hakikupi.

Ushahidi huo, hata hivyo, una mwisho wake. Mwaka 1984 jarida la chama cha wanakompyuta cha Marekani, ACM, lilichapisha hotuba ya Ken Thompson, mmoja wa waliobuni mfumo wa Unix, aliyoitoa alipopokea tuzo ya Turing pamoja na Dennis Ritchie. Thompson alieleza jambo lililowanyima watu usingizi. Tuseme mtu anaibadilisha kompaila ya C ili kila inapouona msimbo wa programu ya kuingilia kwenye mfumo, ile inayouliza nywila, iongeze mlango wa siri wa nywila yake. Msimbo wa kompaila ukisomwa, hila itaonekana. Kwa hiyo anaongeza hila ya pili: kompaila inapouona msimbo wa kompaila yenyewe, iingize humo hila zote mbili. Anaijenga mara moja, kisha anaufuta ushahidi wote kwenye msimbo. Tangu hapo msimbo ni safi. Wasomaji elfu wanaweza kuupitia bila kuona kosa, na kila kompaila inayojengwa kutokana nao inazaliwa na hila.

Mama anayegandisha maziwa nyumbani huacha kijiko cha mtindi wa jana augandishie wa leo. Kama ule wa jana uliingiwa na ladha mbaya, ladha hiyo itaendelea kesho na keshokutwa, hata kama maziwa anayomimina kila asubuhi ni mapya na safi. Katika hila ya Thompson, msimbo chanzo ndio maziwa, na kompaila ya zamani ndiyo kile kijiko. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa rudi kwenye zile mara tatu. Je, zingeigundua hila hiyo? Hapana. Kompaila kuukuu yenye hila ingeipitisha kwa ya kwanza, ya kwanza kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu. Ya pili na ya tatu zingefanana kabisa, na mtihani ungefaulu. Ulinganishaji ule unakamata makosa, haukamati usaliti. Thompson mwenyewe alifikia uamuzi kwamba huwezi kuuamini kikamilifu msimbo ambao hukuuandika wote wewe mwenyewe.

Wengi waliposoma hivyo walinyoosha mikono. David Wheeler, Mmarekani aliyeandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 2009 katika Chuo Kikuu cha George Mason, hakuinyoosha. Alionyesha njia ambayo, ukiisikia, utashangaa kwa nini ilichelewa. Chukua kompaila ya pili, iliyoandikwa na watu wengine, isiyo na undugu na ile unayoishuku. Ijengee GCC kwa hiyo. Kisha GCC iliyopatikana iache ijijenge tena. Mwishoni ilinganishe na GCC iliyojengwa kwa njia ya kawaida. Kama mipangilio yote ni ile ile na hakuna hila, namba zinatakiwa zilingane hadi baiti ya mwisho. Ili hila isalimike, ingebidi iwe imepandwa katika kompaila zote mbili, na zote mbili zitambuane. Alifanya hivyo mwanzo kwa kompaila ndogo iitwayo tcc, baadaye kwa GCC yenyewe. Leo kompaila ya kutupa ushahidi huo ipo: Clang, kompaila huria ya mradi wa LLVM ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois, inaweza kuijenga GCC, na msimbo wake haukutokana na wa GCC.

Unaweza kusema haya ni mambo ya hotuba na tasnifu. Basi tukumbuke mwaka 2015. Waandishi wa programu za iPhone huko China, wakichoshwa na kasi ndogo ya kupakua Xcode, kifaa rasmi cha Apple ambacho ndani yake mna kompaila, walichukua nakala zilizowekwa na watu wengine karibu nao. Nakala hizo zilikuwa zimechezewa. Programu walizozijenga zikatoka na msimbo wa kupeleleza ambao hawakuuandika, zikapita ukaguzi, zikawafikia watumiaji, na WeChat, programu maarufu ya ujumbe, ilikuwa mojawapo. Msimbo wao ulikuwa safi. Uchafu ulitoka kwenye kifaa cha kujengea. Nasi ambao mara nyingi huazimana programu kwa flashi ili kuokoa bando, hilo linatuhusu moja kwa moja.

Na sasa zile herufi mbili nilizokuomba uzikumbuke, xz. Hiyo ni programu huria ya kubana mafaili, iliyo karibu katika kila mashine ya Linux, na ndiyo inayolifungua bunda la GCC. Mwishoni mwa mwezi Machi mwaka 2024, mhandisi mmoja wa Microsoft anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, Andres Freund, aliona kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa ssh, yaani kwa mbali kupitia mtandao, kunachelewa kiasi cha nusu sekunde. Wengine wangelaumu mtandao. Yeye alifuatilia hadi akaukuta mlango wa siri ndani ya xz, toleo la 5.6.0 na la 5.6.1. Aliyeupanda alijiita Jia Tan, na alikuwa ameshiriki katika mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili akijenga imani ya wenzake mpaka akapewa madaraka ya kutoa matoleo.

Ulifichwaje? Hapa ndipo inapouma. Mlango haukuandikwa wazi kwenye msimbo wa C ambao watu wangeusoma. Ulifichwa ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio, na kidude cha kuufufua kiliwekwa kwenye skripti za ujenzi, zile zile zinazokimbia unapoandika configure na make. Tena skripti yenye hila ilikuwa ndani ya bunda la kupakua tu. Kwenye hifadhi ya msimbo ambayo waandishi wanaiona kila siku, haikuwapo. Na ilikagua kwanza: kama inayojengwa ni kifurushi cha Debian au cha jamii ya Fedora kwenye Linux ya biti 64, inaamka. Kama ni mtu anayejenga tu nyumbani kwake, inalala kimya. Iliwalenga wale wachache wanaojenga kwa niaba ya mamilioni.

Penye wengi hapaharibiki neno, tunasema, na watetezi wa programu huria wana imani kama hiyo. Tukio la xz linatuambia kwamba wingi wa watu hauna kazi kama wote wanangoja mmoja atazame. Hata hivyo linatuambia pia kwamba Freund aliweza kuufuata uzi hadi mwisho wake kwa sababu kila kitu kilikuwa mbele yake: msimbo, skripti, na uwezo wa kujenga na kulinganisha bila kumpigia mtu simu kuomba ruhusa. Katika programu iliyofungwa, ile nusu sekunde ingeishia kuwa malalamiko kwenye dawati la huduma kwa wateja.

Wapo walioamua kukisaka kijiko cha mtindi hadi cha kwanza kabisa. Wanaotunza mfumo wa Linux uitwao Guix walitangaza mwaka 2023 kwamba wanaweza kujenga mfumo wao wakianzia kwenye programu ya lugha ya mashine yenye baiti 357 tu. Baiti 357 unaweza kuzichapa kwenye karatasi moja ukazikagua kwa penseli, moja baada ya nyingine. Kutoka hapo wanajenga kifaa kidogo, hicho kinajenga kikubwa kidogo, hadi kufikia tcc, kisha GCC 2.95, toleo la mwaka 1999, kisha matoleo ya baadaye hadi ya leo. Kwa nini wapitie toleo la zamani hivyo? Kwa sababu tangu toleo la 4.8 la mwaka 2013, GCC inahitaji kompaila ya C++ ili ijengwe, na kompaila ya C++ ndiyo wanayoitafuta. Matoleo ya zamani yaliandikwa kwa C, kwa hiyo yanajengeka kwa zana ndogo. Msimbo wa zaidi ya miaka ishirini, ambao wengi wangeutupa, umekuwa kitu kisichokosekana.

Na sisi je? Tusijione wageni katika habari hizi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa huria. Hakuna kampuni iliyoombwa ihesabu kwanza kama wasemaji wa Kiswahili watalipa. Wakati ule tuliitumia haki ya kubadilisha. Haki ya kuhakiki bado tumeiacha mikononi mwa watu wa mbali, na tunaishi kwa hisani yao.

Nasikia pingamizi: vyuo vyetu vina shida za msingi zaidi, maabara zina mashine chache, umeme wenyewe ni wa kubahatisha. Kweli. Lakini zoezi hili linataka mashine moja ya kawaida, nafasi ya kutosha kwenye diski, na usiku mmoja. Halidai leseni ya kulipia. Na mwanafunzi aliyelipitia atakuwa ameelewa maktaba hufuatwaje, kumbukumbu huishaje, toleo jipya hugombanaje na la zamani, na sahihi ya kidijitali inalinda nini. Mhadhiri akiyaeleza hayo ubaoni, husahaulika baada ya mtihani. Skrini ikisimama saa saba usiku kwa ujumbe wa kosa, na wewe ndiye wa kuusoma na kuuelewa, hayasahauliki.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, na nalielekeza kwa walimu wa kompyuta, vilabu vya vijana wa teknolojia, na idara za TEHAMA katika taasisi zinazoshika pesa na taarifa za watu. Chagueni toleo moja la GCC. Kundi moja, tuseme la Mombasa, lianze na GCC iliyoko kwenye mfumo. Kundi la pili, tuseme la Mwanza, lianze na Clang. Hakikini sahihi ya bunda. Kubalianeni majina ya folda, maelekezo ya configure, na matoleo ya maktaba, maana hata jina la folda linaweza kuingia ndani ya faili na kuleta tofauti. Jengeni mara zote tatu. Mwishoni kila kundi likokotoe alama za SHA-256, yaani namba za utambulisho zinazotokana na yaliyomo ndani ya faili, za mafaili yake na kusomeana kwa simu.

Zikilingana, mtakuwa na ushahidi wenu wenyewe, uliopatikana hapa, wa kompaila ambayo mitambo mingi ya nchi inaitegemea bila sisi kujua. Zisipolingana, msikimbilie kusema kuna msaliti; mara nyingi itakuwa tarehe iliyoingia mahali isipotakiwa, au maktaba ya toleo tofauti. Itafuteni sababu mpaka muipate. Huko kutafuta ndiko kutakakotupatia watu wetu wenyewe wa kushtuka siku kitu kitakapochelewa kwa nusu sekunde.

Kwa leo naishia hapo. Ukijaribu, niandikie kupitia kituo hiki unieleze mmekwama wapi na mmefika wapi.